MITA YA MASHINE NA RASIMU ZISIZOSOMWA



Karibu kila mashine tunayoishika kazini ina mita ndani yake. Jenereta ina mita ya saa, trekta lina mita ya saa, lori lina mita ya kilomita, na mashine ya fotokopi na printa zina mita ya kurasa. Mwisho wa mwezi huja kijana wa kampuni ya mashine, abonyeza vifungo viwili vitatu, aandika nambari katika daftari, aaga na kwenda zake. Mahali pengine hata yeye haji tena. Mashine yenyewe hupeleka nambari kwa waya. Nambari ile haiendi bure. Yafika kwa tajiri ikiwa bili, na kwa tajiri yarudi kwetu ikiwa barua: eleza kwa maandishi kabla ya saa kumi kwa nini usichukuliwe hatua.

Tunaye mwenzetu mmoja, karani katika ofisi ambayo hatutaitaja kwa kuwa shauri lake bado liko mezani. Mwezi huo alitoa stoo rimu 10 za karatasi, akatia sahihi kwa mkono wake. Rimu 10 ni karatasi 5,000. Mita ikasoma kwamba mashine imepiga kurasa 8,640. Meneja akachukua kalamu, akatoa 5,000 katika 8,640, akapata 3,640, akasema: karatasi hizi 3,640 umeleta kutoka nje, wafanya biashara yako kwa mashine ya ofisi na wino wa ofisi. Hakuuliza swali la pili. Mshahara ukakatwa mwezi ule na mwezi uliofuata.

Wakili wetu wa kazini alikwenda kuitazama mashine. Kazi nyingi za ofisi ile hupigwa pande mbili, na tajiri mwenyewe ndiye aliyetoa amri hiyo ili kuokoa karatasi! Mita ya mashine ile haihesabu karatasi. Yahesabu chapa, yaani kila mara mashine inapopiga upande mmoja. Karatasi moja ikipigwa mbele na nyuma ni chapa 2. Rimu moja yaweza kuleta 1,000 katika mita, na hakuna aliyeiba hata kipande. Tena fundi alikuja mara mbili mwezi huo kubadili ngoma, akapiga karatasi zake za kujaribu, nazo zikaingia katika hesabu ile ile. Karani akamwachiwa fundi dhambi zake.

Twasema hivi: mita si shahidi mpaka ijulikane inahesabu nini, nani aliiambia ihesabu hivyo, na nani aweza kuirudisha nyuma. Maswali hayo hayajibiwi ofisini kwa meneja. Yalikwisha jibiwa zamani, katika karatasi ziitwazo viwango. Kabla ya kuwa viwango zilikuwa rasimu, na rasimu zilipokuwa zikingojea maoni ya watu, hakuna aliyekuja kumwuliza mtu anayebonyeza kifungo.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya masetla waliandikwa kwa tikiti ya siku 30. Tusiichanganye tikiti hiyo na kile kipande kilichotiwa katika kikopo na kuvaliwa shingoni, ingawa vyote viwili vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Tikiti ilikuwa na nafasi 30, na kila siku ya kazi iliyokubaliwa ilitiwa alama. Siku ya mvua haikutiwa alama. Siku ya homa haikutiwa alama. Siku ambayo nyapara alisema kazi haikwisha, ingawa mtu alitoka alfajiri na kurudi jua limezama, nayo haikutiwa. Kwa hiyo mwezi wa mfanyi kazi haukuwa mwezi wa kalenda, ulikuwa mwezi wa nyapara. Aliyeshika penseli ndiye aliyeshika mshahara. Na mwaka 1936, chama cha Makhan Singh, ambaye kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha chapa cha baba yake hapa Nairobi, kilipodai siku ya kazi iwe saa 8, kilikuwa kinadai nini kama si kipimo? Kilitaka ijulikane kwa wote saa zinaanza wapi na kuishia wapi, zisikae katika kichwa cha tajiri.

Leo penseli ya nyapara imetiwa ndani ya mashine, na watu wetu wengi wadhani kwamba kwa sababu iko ndani ya mashine haiwezi kumdhulumu mtu.

Basi tumezitafuta karatasi zenyewe tukazisoma. Hatukuzipata kwa siri. Nyingi ziko wazi kwa kila mtu. Mwaka 1995 watu wa mtandao wa intaneti walitoa karatasi nambari 1759 ya kueleza namna kompyuta iulize printa habari zake, na mwaka 2004 ikafuatwa na nambari 3805. Humo mna hesabu mbili za kazi ya printa ambazo kila mwanachama anapaswa kuzijua. Moja ni hesabu ya maisha yote ya mashine. Ya pili ni hesabu tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho. Angalieni tofauti. Stima ikipotea mara moja mchana, hesabu ya pili yaanza upya. Anayelinganisha hesabu ya Jumatatu na ya Ijumaa bila kujua ni ipi kati ya hizo mbili anayoisoma, anapiga ramli.

Karatasi hizo hizo zasema pia kwamba kila mashine itangaze inahesabu kwa kipimo gani. Orodha ya vipimo ni ndefu: yaweza kuwa karatasi, yaweza kuwa chapa, yaweza kuwa herufi, mistari, mita za urefu, hata saa. Kwa hiyo nambari 8,640 peke yake ni kama mtu akuambie anayo 8,640 nyumbani kwake. Shilingi? Punje za mahindi? Meneja wetu hakusoma kipimo. Alisoma nambari tu, kisha akatafuta mtu wa kumlaumu.

Liko jambo kubwa zaidi. Mwaka 1999 ilitolewa karatasi nambari 2578, ambayo ndiyo msingi wa mita zote za namna hii katika mtandao. Yaeleza wazi kwamba mita ya aina hiyo haina mwanzo uliowekwa, na kwa sababu hiyo usomaji mmoja peke yake kwa kawaida hauna habari yoyote ndani yake. Lazima usome mara mbili, utoe ndogo katika kubwa, na ujue kwamba katikati hapakutokea kitu cha kuivuruga. Hayo hayakuandikwa na mkomunisti wala na katibu wa chama cha wafanyi kazi. Yaliandikwa na mafundi wa mita wenyewe! Lakini ni waajiri wangapi katika mji huu wamemwandikia mtu barua ya onyo kwa usomaji mmoja, usio na sahihi ya mtu yeyote wa upande wetu?

Na mita hujaa. Mita ya kawaida ya karatasi hiyo yafika 4,294,967,295, kisha yarudi sifuri na kuanza tena. Kwa kurasa hilo si kitu, hata ofisi ya kodi haitazifikia. Lakini wako wenzetu, hasa wa vituo vya simu na wa benki, wanaopelekewa barua juu ya matumizi ya intaneti, na huko hesabu ni ya baiti, wala si ya kurasa. Katika waya wa megabiti 10 kwa sekunde unaotumika bila kupumzika, mita ya upana huo yaweza kujaa na kurudi sifuri kwa dakika 57 hivi. Ndiyo sababu mafundi waliongeza mita pana zaidi kwa waya za kasi. Mwenzetu akiletewa barua ya namna hiyo, swali la kwanza la wakili wa chama liwe: mlisoma mita gani, na mliisoma kila baada ya muda gani?

Mwaka 2007 kundi la watengenezaji wa printa huko Marekani, liitwalo Printer Working Group, lilitoa kiwango nambari 5106.1, na hicho ni cha mita tu tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipokisoma tulicheka, kisha tukakasirika. Tulicheka kwa sababu kile ambacho wakili wetu alikipigania mbele ya meneja kwa muda wa wiki tatu kimeandikwa humo waziwazi. Karatasi zahesabiwa mbali na chapa. Chapa nyeusi mbali na za rangi, na zile tupu mbali. Kazi aliyoileta mtumiaji yahesabiwa mbali, kurasa za ziada ambazo mashine huongeza yenyewe mbali, upotevu mbali, na kurasa za matengenezo mbali. Upotevu mbali, ndugu zangu! Matengenezo mbali!

Tulikasirika kwa sababu hayo yote hayamfikii karani. Watengenezaji wanajua kwamba fundi hupoteza karatasi. Kampuni ya kukodisha mashine yajua. Lakini katika bili huandikwa jumla moja, kwa sababu jumla moja yalipwa kwa kila chapa, na katika mikataba mingine karatasi kubwa ya A3 huhesabiwa kuwa mbili. Tajiri naye huichukua jumla ile ile ya bili na kuigeuza kuwa kipimo cha uaminifu wa mtu. Kipimo kilichotengenezwa kwa biashara ya watu wawili chatumiwa kumfunga mtu wa tatu ambaye hata mkataba hakuonyeshwa.

Hapa ndipo ugomvi wetu ulipo. Mashine hatugombani nayo. Twagombana na hesabu kusafiri kutoka kazi iliyoandikiwa hadi kazi isiyoandikiwa, bila mtu kuuliza.

Tazameni mizani. Mwuza nyama sokoni akitumia mizani isiyopigwa muhuri, mkaguzi wa vipimo aweza kumshtaki kwa Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura 513. Serikali yaona ni jambo kubwa mama akidhulumiwa robo ya kilo. Ni sawa kabisa, nasi twaunga mkono. Lakini mita inayokata mshahara wa baba wa watoto watano, ni nani aliyeipiga muhuri? Hatujamwona mkaguzi akipanda ngazi za ofisi hizi na nyundo yake. Nyama yalindwa kuliko mshahara wa kuinunua.

Wako watu wawili ambao tutajibizana nao hapa, na wote wawili wamo miongoni mwetu.

Wa kwanza asema: haya ni mambo ya mafundi, chama kishughulike na mshahara. Ndugu huyo twamheshimu, lakini atwambie mshahara huhesabiwa kwa nini. Kwa saa? Saa ni mita. Kwa kilo za chai? Kilo ni mita. Kwa safari, kwa vipande, kwa mistari ya kushona? Kila mahali kuna kipimo, na kila kipimo kina karatasi iliyokieleza. Mkataba wa mapatano waweza kutupatia asilimia 10, na kifungu kimoja cha mita kikaondoa 15 bila kikao, bila mgomo, bila hata chai ya saa nne. Mtu asiyeweza kusoma rasimu yote asome ukurasa wa maana za maneno. Hapo ndipo watu wanapoibiwa.

Wa pili asema: mita na ivunjwe. Hasira yake twaijua. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho mashine kadhaa za kuchuma chai zilichomwa moto, na hatutasimama hapa Nairobi kwenye viti vyetu kuwahubiria watu walioona mikono yao ikifanywa bure. Lakini mita ukiivunja, kesho yaja nyingine, na kiwango chake ni kile kile. Tena sisi wenyewe twaihitaji mita. Ofisi yenye makarani 3 waliokuwa 6 zamani, kwa mashine ile ile, itathibitisha vipi kwamba kazi imekuwa maradufu? Kwa mita. Fundi wa jenereta aliyeitwa usiku atadai saa zake kwa nini? Kwa mita ya saa. Kuitupa mita ni kumwachia tajiri ushahidi wote.

Madereva wa malori wa Ulaya wametufunza kitu hapa. Mwaka 1970 Jumuiya ya Ulaya iliamuru malori yatiwe mita iitwayo takografu, inayoandika mwendo, saa za kuendesha na saa za kupumzika. Madereva wa Uingereza na chama chao waliikataa kwa miaka mingi, wakaiita jasusi ndani ya gari, na serikali yao haikulazimisha mpaka mahakama ya Luxembourg ilipoamua mwaka 1979 kwamba Uingereza imevunja wajibu wake. Lakini tazameni takografu ya kompyuta iliyoanza mwaka 2006. Kiwango chake chataka kila dereva awe na kadi yake mwenyewe, na kadi hiyo itunze habari za kazi yake za angalau siku 28. Kadi ni ya dereva, si ya lori. Akihama kwa tajiri mmoja kwenda kwa mwingine, ahama nayo. Mita ile ile inayomwonyesha aliyechelewa yamwonyesha pia tajiri aliyemnyima mtu usingizi. Hatusemi dereva wa Ulaya amefika peponi, mbali sana. Twasema tu kwamba kifungu kimoja ndani ya kiwango chaweza kuamua kama hesabu itakaa mfukoni mwa mtu au katika sefu ya bwana wake.

Sasa ya kwetu. Hapa Kenya viwango hutolewa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lililoanza kazi mwaka 1974 kwa Sheria ya Viwango, Sura 496. Rasimu zake huwekwa mbele ya watu ili watoe maoni, na kanuni njema za Shirika la Biashara la Dunia kuhusu viwango zataka muda huo usipungue siku 60, isipokuwa kwa mambo ya haraka kama afya na usalama. Siku 60 si kidogo. Tumeandaa migomo kwa siku 7. Lakini rasimu haitangazwi kwa ngoma, na haina picha. Ina nambari ndefu na jina linaloleta usingizi, na siku ya 61 mlango unafungwa, kisha tajiri anakuambia kwa uso mkavu: watu walipewa nafasi, mbona hamkusema?

Na yapo maarifa katika kusema. Anayeandika katika maoni kwamba rasimu hii ni ya kikandamizaji na wafanyi kazi wanaikataa kwa kauli moja, karatasi yake itasomwa kwa adabu na kuwekwa chini ya nyingine. Fomu za kazi hii zina safu zake: kifungu gani, aya gani, kosa ni la namna gani, maoni ni nini, na maneno gani yawekwe badala yake. Safu ile ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Kamati yaweza kuyaruka malalamiko, lakini ikiletewa maneno yaliyo tayari, lazima iyakubali au iandike kwa nini imeyakataa. Kelele tuziache kwa mikutano ya Kamukunji. Kwa rasimu, tupeleke sentensi.

Sentensi zetu tumekwisha zianza. Mahali popote rasimu isemapo "matumizi," tutataka yatengwe: kazi ya mtu, nyongeza za mashine, upotevu, na matengenezo, kila moja kwa jina lake, na jumla isionyeshwe bila sehemu zake. Tutataka kipimo kiandikwe pembeni ya nambari kila inapoonyeshwa, hata kwenye kioo kidogo cha mashine. Tutataka mita ikirudishwa sifuri au kubadilishwa ibaki na alama ya siku, saa, na aliyefanya hivyo, kwa maana fundi akibadili sahani ya kompyuta ndani ya mashine na hesabu ikapotea, atakayeulizwa ni karani. Na hili ndilo tutakalolishikilia kuliko yote: mahali mita inapofuata jina la mtu, kwa nambari ya siri au kwa kadi, mtu huyo aweze kuiona hesabu yake mwenyewe pale pale na kuipata kwenye karatasi bila kuomba ruhusa ya meneja. Madereva wana kadi. Makarani nao wapewe risiti.

Tutaambiwa hili la mwisho si jambo la ufundi, ni siasa ya kazi. Kuhesabu watu kwa majina ni ufundi, ila kuwaonyesha hesabu yao ni siasa? Waliotia jina la mtu ndani ya mashine ndio walioleta siasa ndani ya mashine.

Wakati tukingojea rasimu, sheria haikutuacha uchi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibiwa kwa kosa la makusudi la mfanyi kazi. Makusudi! Karatasi iliyokwama si makusudi. Amri ya tajiri ya kupiga pande mbili si makusudi ya karani. Kifungu cha 41 chamtaka tajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mwenzake au wakili wa chama aliyemchagua yeye mwenyewe, na asikilize majibu. Lugha anayoifahamu, twalisema tena, kwa sababu kurasa tano za nambari za mashine si lugha. Na hesabu yenye jina la mtu ni habari zake binafsi kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kifungu cha 26 champa haki ya kuambiwa zatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa za uongo. Mwenzetu wa rimu 10 ameandika barua kwa kifungu hicho. Ameomba hesabu ya kurasa za matengenezo ya miezi ile miwili. Mpaka twapiga chapa gazeti hili hajajibiwa, na kimya hicho wakili wetu amekiandika katika daftari pamoja na tarehe.

Kwa hiyo kila wakili wa chama afanye hivi tangu mwisho wa mwezi huu. Kijana wa kampuni akija kusoma mita, uwe pale. Soma naye, andika nambari, kipimo, siku na saa, na jina la mashine, kisha nyote wawili mtie sahihi. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa. Fundi akija, andika mita kabla hajafungua mashine na baada ya kuifunga. Mashine inayopeleka hesabu yenyewe kwa waya, mwambie mwenye ofisi aichape karatasi ya hesabu zote, siyo ya jumla tu. Mashine nyingi zina karatasi hiyo ndani ya vifungo vyake, na kuichapa hakumalizi wino.

Nakala moja ya kila usomaji iletwe afisi ya chama kabla ya tarehe 5, pamoja na barua yoyote ya onyo iliyotaja mita, iwe ya kurasa, ya saa, ya kilomita au ya intaneti. Wanachama wanaojua kusoma maandishi ya kifundi, na twajua mko wengi katika karakana na vyumba vya kompyuta, waandike majina yao kwa karani wa chama kwa kamati ya kusoma rasimu. Kamati haina posho. Chai ipo.